Fuwele za Mbegu za Maboga

Tarehe 14 Septemba 1972, Mwahija Huseni, mzaliwa wa Kilwa Kisiwani, alishuka kwenye uwanja wa ndege wa Dar es Salaam akiwa na shahada ya pili ya kemia, koti zito la sufu na kazi moja ambayo hakuimaliza. Koti lilipata mtu wa kulivaa mwaka huohuo, ndugu yake mmoja aliyekuwa akihamia Mbeya. Kazi ilibaki naye.

Ilikuwa kazi ya fuwele. Katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, kwenye maabara iliyojengwa chini ya ardhi, Mwahija alikuwa akichukua protini, hiyohiyo ambayo waganga hutuhimiza tuwape watoto, na kuiacha itulie katika maji ya chumvi mpaka ijipange yenyewe, chembe juu ya chembe, na kuwa fuwele yenye pembe kali na nyuso zilizonyooka. Chumvi hufanya vivyo hivyo katika majaruba ya Kilwa Masoko, ila chumvi haihitaji kubembelezwa. Fuwele ya protini ikipigwa eksirei, mtaalamu anaweza kusoma jinsi protini hiyo ilivyojengwa. Lakini eksirei huichoma fuwele kabla haijamaliza kusomwa. Dawa yake ni kuigandisha kwa baridi kali kuliko ya friji yoyote.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Karibu nusu ya fuwele ya protini ni maji. Maji yakigeuka barafu hutanuka, na yakitanuka huipasua fuwele kama yanavyoipasua chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye barafu. Kwa hiyo, kabla ya kuigandisha, lazima fuwele ilowekwe katika kitu kitakachoshika nafasi ya sehemu ya maji hayo, kitu kinachokuwa kigumu kwa baridi bila kuwa barafu. Kitu gani? Swali zima lilikuwa hilo. Mwalimu wake aliiamini glisarini na hakutaka kusikia jingine. Mwahija aliloweka fuwele katika glisarini kwa muda wa miaka miwili, na zote zilipasuka. Alitaka kujaribu sukari. Kabla hajaruhusiwa, muda wa masomo ukaisha, na Serikali iliyomsomesha ikamtaka arudi kufundisha.

Alipangiwa shule ya sekondari ya Lindi mjini. Baba yake alikuwa amefariki yeye akiwa ng'ambo, kwa hiyo alimchukua mama yake, Bi Maftaha, kutoka Kisiwani, wakaishi pamoja katika nyumba ya mwalimu yenye vyumba viwili na kibaraza. Alifundisha vizuri. Wanafunzi walimwogopa kidogo, na katika mitihani walimshukuru.

Hakuitamani Uingereza. Mvua yake hakuipenda na chakula chake alikivumilia tu. Alichokuwa na kiu nacho ni ule muda mfupi wa kuweka jicho kwenye hadubini bila kujua atakachokiona. Mara moja kwa mwezi alikuwa akienda stoo ya hospitali kuchukua dawa za maabara ya shule, na huko kulikuwa na friji la mafuta ya taa la kutunzia chanjo. Mtunza stoo alizoea kwamba Mwalimu Mwahija, akishapewa vitu vyake, ataomba afunguliwe friji kidogo. Hakuwa akichukua kitu humo. Alisimama mbele yake na mfuko wake mkononi, ile hewa ya baridi ikimpiga usoni, kisha akaaga.

Mwezi wa tatu mwaka huu wa 1976 alikuja shuleni Bwana Mifugo mmoja, Severini Ambrosi, mtu wa Mtama. Idara yake ilikuwa ikijaribu kupandisha ng'ombe wa kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Rutamba kwa mbegu za madume ya kizungu, na Mkuu wa Shule, Ndugu Valentini, alimwomba awaeleze wanafunzi ufugaji wa kisasa. Severini aliweka mezani chombo cha bati kilichofanana na kopo kubwa la maziwa, akakifungua. Moshi mweupe ulipanda hadi shingoni mwa chombo, ukamwagika juu ya meza na kutambaa sakafuni. Darasa zima lilirudi nyuma. Mwahija, aliyekuwa amekaa mwisho akisahihisha madaftari, alisimama.

Severini alieleza kwamba ile ni naitrojeni, sehemu kubwa ya hewa hii tunayoivuta, imepozwa mpaka ikawa maji, na kwamba mbegu za madume zinaishi humo miaka zikiwa zimechanganywa na glisarini na kiini cha yai ili baridi isiziue. Alipomaliza alimwona mwalimu amesimama karibu kabisa na chombo, mkono wake juu ya ule moshi.

"Mwalimu, unayafahamu maji haya?"

"Tuliachana miaka minne iliyopita," alisema Mwahija.

Severini alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Siku hiyo alielezwa habari yote, na kwa kuwa ni mtu mwepesi wa kuahidi, akaahidi. Alisema kila mzunguko wa kazi ukiisha hubaki maji kidogo chini ya chombo, ambayo hupotea hewani yenyewe. Hayo angempa. Lakini alimwonya pia. Mbung'o walikuwa wanawamaliza ng'ombe wa kijiji kile, na wakubwa walikwisha sema kwamba jaribio litafungwa mwezi wa tisa. Baada ya hapo chombo kitarudi Arusha, kwenye mtambo unaotengeneza maji hayo, na hakitakuja Lindi tena.

Basi Mwahija alikuwa na nafasi moja. Hakuwa na fuwele, hakuwa na kimiminika cha kuzilowekea, na hakuna aliyemtuma.

Fuwele alizipata katika maboga. Shamba la kujitegemea la shule lilizaa maboga mengi kuliko yalivyoweza kuliwa, na mbegu zake walikuwa wakizikaanga wasichana wa bwenini. Mwahija alizimenya, akazitwanga, akaziosha kwa petroli kuondoa mafuta, akazianika mpaka harufu ikaisha. Unga uliobaki aliuloweka katika maji ya chumvi ya uvuguvugu, akachuja kwa kitambaa, akauacha ule mchujo upoe. Protini ya mbegu za maboga hujipanga mchujo ukipoa taratibu. Ukipoa haraka hutoa vumbi tu. Kwa hiyo alizifunga zile chupa ndogo kwa sufi la mto wake wa kulalia, akazitumbukiza ndani ya mtungi uliokaa nyumbani kwenye kona yenye kivuli, maana katika Lindi yote hakuna mahali penye ubaridi usiobadilika kama ndani ya mtungi. Baada ya majuma kadhaa alipata fuwele za pembe nane, kila moja ndogo kama punje ya mchanga, safi kama kioo cha saa.

Ndugu Valentini alimwuliza katika kikao cha walimu jambo hili litalisaidiaje taifa kujitegemea. Alijibu kwamba bado halijasaidia. Mkuu alifikiri kidogo, akasema hadubini ni mali ya shule na isitoke nje ya maabara, na mjadala ukaishia hapo.

Kilichofuata ni kuchagua kimiminika. Naitrojeni haikuwepo bado, lakini nusu ya uchaguzi haihitaji baridi: kwanza lazima ijulikane fuwele itastahimili kulowekwa au haitastahimili. Aliijaribu glisarini ya hospitali, ile ya kutilia masikioni. Kabla chai haijapoa, pembe za fuwele zilikuwa zimeviringika kama kipande cha sabuni kilichotumika. Akailegeza kwa maji ya chumvi, pembe zikabaki, ila huko Uingereza alikuwa ameshaona glisarini iliyolegezwa inavyofanya, na hakuiamini. Severini, kila alipopita mjini, alikuja kuuliza maendeleo. Safari moja alileta chupa iliyofungwa kwa gazeti.

"Hii gongo ya kwetu, Mwalimu, haigandi hata ukiipeleka juu ya Kilimanjaro. Usiniulize nimeitoa wapi."

Wazo halikuwa baya, kwa kuwa spiriti ni kweli haigandi upesi. Mwahija alidondosha tone moja juu ya fuwele. Ikageuka nyeupe yote, kama yai lililochemshwa.

"Imeiva," alisema Severini kwa huzuni.

"Na Mabwana Mifugo huivishwa hivyohivyo," alijibu Mwahija, akamrudishia chupa yake.

Ikabaki sukari. Fuwele iliyotumbukizwa moja kwa moja katika shira nzito ya sukari ilipasuka katikati, kwa sababu shira iliyavuta maji yake yote kwa pupa. Iliyopitishwa kwanza katika shira hafifu, ikaachwa izoee, ikahamishiwa nzito kidogo, tena nzito zaidi, chumvi ikiwa ileile kila hatua, ilibaki nzima. Alilirudia jambo hilo mpaka akaacha kulitilia shaka. Lakini kila jaribio lilikula sukari, sukari ilikuwa ya mgao, na mfungo wa Ramadhani ulikuwa unakaribia.

Bi Maftaha aliona sukari inapungua kopoani. Jambo jingine ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi. Binti yake alikuwa na umri wa miaka thelathini na nne, hana mume, na ndani ya mtungi mmoja wa nyumbani kulikuwa na vichupa vilivyofungwa kwa sufi, ambavyo alivichungulia asubuhi na jioni na kuvirudisha kwa mikono miwili. Mama hakuuliza. Aliogopa jibu.

Siku za mwisho za Shaabani, kama wafanyavyo wanawake wa Kilwa kabla ya mfungo, Bi Maftaha aliosha mitungi, akaipindua juu ya chetezo na kuifukiza kwa ubani ili maji ya kufuturia yawe na harufu nzuri. Alipoufikia mtungi wa binti yake alisita. Kisha akatoa vile vichupa, akavipanga kwenye kibaraza, juani, na mtungi ule akaufukiza mara mbili, akiusomea.

Mwahija alirudi saa saba mchana. Aliviona vichupa toka njiani. Alikinyanyua kimoja, akakielekeza kwenye mwanga, akakuta maji matupu. Fuwele zote zilikuwa zimeyeyuka. Alijua zitarudi jioni joto likipungua, lakini zitarudi haraka, nazo zitakuwa vumbi. Alikaa kwenye kibaraza hapohapo na viatu vyake. Hakugomba. Bi Maftaha aliwaambia majirani baadaye kwamba laiti angegomba.

"Nilidhani umekwenda kwa fundi wa uganga," alisema mama. "Nilidhani ni dawa ya kupata mume. Nikasema niisafishe nyumba kabla mfungo haujaingia."

Mwahija alikiweka kichupa chini.

"Ni maboga, mama."

"Maboga?"

"Mbegu za maboga."

Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu arudi nchini, alipomweleza mama yake alichokuwa akikifanya huko ng'ambo. Alimweleza habari ya maji na barafu na chupa ya soda. Ilipofika kwenye sukari, alimkumbusha gubiti: shira ikichemshwa vizuri na kupozwa haifanyi punje, hukauka ikawa ngumu na angavu, mtu anaweza kuona kidole chake upande wa pili. Alitaka maji yaliyo ndani ya fuwele yafanye hivyo. Bi Maftaha aliwahi kupika gubiti na kuuza pale Masoko, na aliuliza maswali ya mtu anayejua. Kisha akauliza swali ambalo halikuhusu sukari.

"Miaka minne tumelala nyumba moja. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nimerudi nyumbani na moyo wangu haukurudi wote?"

Bi Maftaha aliingia ndani, akatoka na kopo la sukari ya mfungo, akaliweka mbele ya binti yake. Mwezi wote ule, nyumba hiyo ilifuturu kwa uji wa chumvi na chai isiyo na sukari. Majirani walipoleta tambi zilizotiwa sukari, mama alizipokea, akashukuru, na hakueleza.

Mwahija alianza upya kumenya mbegu. Safari hii mama alishika kinu.

Jumamosi moja katika kumi la tatu la Ramadhani, Land Rover ya Idara ilisimama mbele ya maabara. Severini alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kazi ya Rutamba ilikuwa imefungwa, na ng'ombe waliopandishwa na kupona walikuwa wachache. Alimkuta Mwahija na mama yake ndani, fuwele zikiwa tayari katika visahani vitatu: za kwanza katika maji yao ya chumvi tu, za pili katika glisarini iliyolegezwa, za tatu katika shira iliyopandishwa hatua kwa hatua.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Hao ndama wako wamezaliwa?"

"Wengine wamezaliwa."

"Wana wa nani sasa, na baba yao yuko kopoani?"

"Wa Serikali, Bibi."

"Basi watakuwa wengi wa kuwagombea na hakuna wa kuwachunga," alisema Bi Maftaha, na Severini akakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa hasa.

Maji yaliyobaki chini ya chombo yalijaza themosi moja ya mdomo mpana. Yalitokota yenyewe kama sufuria jikoni, na moshi ukajaa mezani. Bi Maftaha alivuta pumzi, akasema huu ni ubani gani usionukia. Mwahija hakusikia. Alikuwa ameshika kijiko kidogo cha kioo alichokivuta mwenyewe katika moto, chembamba kama unyoya, na mkono wake ulikuwa umetulia.

Alianza na ile isiyo na kinga, kwa sababu lazima mtu aone jambo likiharibika ndipo ajue likifaulu. Aliitumbukiza, akaitoa, akaiweka chini ya hadubini: unga. Ile ya glisarini ilitoka na nyufa kutoka pembe hadi pembe, nyufa alizozifahamu kama anavyofahamu mistari ya kiganja chake. Alizitazama mpaka umande wa hewa ya Lindi ukaganda juu ya fuwele na kuifunika. Hapo akajua kwamba kila fuwele itaonekana kwa muda mfupi sana, kisha itavikwa theluji.

Alichukua ya tatu. Aliitumbukiza, akahesabu kimoyomoyo, akaitoa na kuinamia hadubini.

Ilikuwa nzima. Pembe nane, nyuso zote, na shira iliyoizunguka imekauka angavu kama kioo. Mwahija hakupumua. Kisha weupe ulianza pembeni, ukasogea, ukaifunika yote.

Alikaa vilevile, jicho kwenye hadubini, ingawa hapakuwa na cha kuona tena. Severini alitaka kuuliza, Bi Maftaha akamzuia kwa mkono.

Themosini kulibaki maji ya kutosha mara moja tu. Mwahija aliigandisha fuwele nyingine kutoka kisahani cha tatu, akaiweka, akasogea pembeni.

"Tazama, mama. Upesi."

Bi Maftaha aliinua ukaya wake wa kichwani, akaweka jicho. Alitazama mpaka theluji ikaingia.

"Ilikuwa nzima," alisema.

"Nzima kwa macho. Ndani sijui. Inaweza kuwa imevurugika ndani na nje isionyeshe. Inayojua ni eksirei."

"Ile ya hospitali?"

"Siyo ile. Ya namna hiyo nchini hakuna."

Severini alikuwa anafunga chombo chake. Alisema, kama mtu anayejisemea, kwamba Jumatatu chombo kinapakiwa kwenda Arusha, na huko maji haya yanatoka mtamboni kila wiki, hata mengine humwagwa. Eksirei ya namna hiyo hata huko hakuna. Lakini mtu mwenye maji angeweza kujaribu sukari na vinginevyo mpaka achoke, na siku eksirei ikipatikana, awe na cha kuipelekea. Halafu akaona amesema mengi, akabeba chombo kwenda garini.

Waliobaki wawili walivikusanya visahani. Mwahija aliviosha kimoja kimoja. Alisema kwamba mwaka ujao atapanda maboga mapema zaidi, na kwamba labda hospitali wataagiza glisarini bora, na kwamba kidato cha nne wana mtihani. Bi Maftaha alimwacha amalize.

"Huko Arusha wanahitaji walimu?"

"Kila mahali wanahitaji walimu."

"Basi omba."

"Na wewe? Baridi ya huko utaiweza wapi na kifua hicho?"

"Mimi sikusema nakwenda." Alikunja kitambaa cha kufutia, akakikunja tena. "Uliporudi nilifurahi, mwanangu. Nikasema Mungu amenirudishia mtu wangu. Miaka minne nakupikia, nakutazama ukila, nakuona unatazama mbali. Mimi nilidhani ni mume unayemtaka. Mume ningekutafutia. Hiki siwezi kukutafutia. Nenda huko kilipo."

Mwahija alisema hawezi kumwacha. Mama yake alisema aliwahi kumwacha miaka mitano na hakufa. Mwahija alisema baba alikufa. Bi Maftaha alirudia kuvifuta visahani mpaka adhana ya magharibi, kisha wakafungua kwa maji na tende moja moja palepale maabara, juu ya meza ya shule.

Ombi la uhamisho lilipita kwa Ndugu Valentini, ambaye alisema anasikitika kumpoteza mwalimu wa kemia na hakulizuia. Wizara ilikubali mwezi wa kumi na moja. Tangu hapo Mwahija amekuwa akilala vibaya na mama yake amekuwa akifunga na kufungua mizigo ileile. Kopo la sukari liko wazi tena, na wote wawili wanakunywa chai yenye sukari mno, kama watu wanaotaka kumaliza kitu kabla ya safari.

Mwezi wa kwanza shule zikifunguliwa, Mwahija Huseni ataanza kufundisha kidato cha tatu katika sekondari moja nje kidogo ya Arusha. Bi Maftaha atarudi Kilwa Kisiwani kukaa na mdogo wake, Abilahi, ambaye amekwisha mwezekea upya chumba cha uani.